Chagua Programu ya Blogu kwa Kutazama Siku ya Kuhama

Vijana wa bonde la Lwengera wanaotaka kuanzisha blogu huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: nianze na Blogger au WordPress? Swali ni zuri, ila limekuja mapema mno. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na watu ninaowaona wakihangaika hawahangaiki kwa sababu rangi ya kurasa zao haikupendeza. Wanahangaika kwa sababu maandishi ya miaka mitano yamepotea. Wengine jina la tovuti yao limebaki mikononi mwa kijana aliyehamia Dar es Salaam na hapokei simu. Wengine wana tovuti nzuri kabisa ofisini Korogwe, lakini ukifika nayo kijijini kama Magoma, kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu na kifurushi cha siku, ukurasa unazunguka tu haufunguki.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia mwisho. Kabla hujachagua programu, jiulize: siku nitakapotaka kuondoka hapa, nitaondokaje, na nitaondoka na nini? Siku hiyo huja. Huja kwa kampuni kufungwa, kwa bei kupanda, kwa kanuni kubadilika, kwa fundi kuondoka, au kwa wewe mwenyewe kukua ukataka kitu kikubwa zaidi. Anayeanza haioni, kwa kuwa siku ya kwanza kila kitu ni chepesi: unajaza fomu, unachagua sura ya ukurasa, unaandika, unachapisha.

Wakulima wa mkonge wa Magoma wanalielewa jambo hili kuliko mafundi wengi wa kompyuta. Jani likishakatwa lazima lifike korona, mashine ya kuchakata mkonge, mapema kabla halijakauka, na mwenye shamba asiye na korona ya pili ya kukimbilia hukubali foleni na masharti ya hiyo moja iliyopo. Maandishi yako ndiyo mkonge. Programu ni korona tu, na unachotaka kuwa na hakika nacho ni kwamba ipo nyingine unayoweza kuipelekea mzigo wako ukiwa mzima.

Nizungumzie kwanza Blogger, maana ndiyo iliyotulea. Ilianzishwa Agosti 1999 na kampuni ndogo ya San Francisco iitwayo Pyra Labs, na Google wakainunua Februari 2003. Kwa Kiswahili imefanya kazi kubwa ambayo haijashukuriwa vya kutosha. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwandishi wa habari, alianza kuandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati ambapo wengi wetu tulidhani intaneti ni ya Kiingereza, na akawavuta wengine waingie. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifungua blogu yake ya picha kwenye Blogspot, makao ya blogu za Blogger, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaifungua kuona nani kaoa, nani kafiwa, na Dar es Salaam imebadilika vipi. Blogger haikumdai mtu hata senti kwa kumhifadhia maandishi na picha zake.

Ndiyo maana siwezi kumkataza kijana mwenye simu tu, asiye na hela ya kulipia seva, asianze na Blogger. Aanze. Programu ile ni nyepesi, haihitaji kusasishwa, haidukuliwi kirahisi, na unaweza kuiunganisha na jina lako mwenyewe la tovuti bila kulipia chochote kwa Blogger. Ninachomwomba ni kimoja: angalau mara moja kwa mwezi aingie kwenye huduma ya Google iitwayo Takeout, apakue blogu yake nzima, na faili hilo aliweke mahali ambapo si kwenye akaunti ileile ya Google. Akaunti ikifungwa, kwa kosa au kwa haki, barua pepe, picha na blogu hufungwa pamoja kwa mkupuo mmoja.

Sasa historia kidogo, kwa sababu ina fundisho ambalo bei peke yake haikuonyeshi. Mwaka 2001 mume na mke, Ben na Mena Trott wa California, walitoa programu ya blogu iitwayo Movable Type. Ilikuwa bora kuliko zote za wakati wake. Mtu binafsi aliipata bila malipo, na waandishi wakubwa wa mtandaoni wakaitumia. Mei 2004 kampuni yao, Six Apart, ikatoa toleo la tatu likiwa na masharti mapya: ukiwa na blogu kadhaa au waandishi kadhaa, lipa. Kampuni haikuvunja sheria yoyote. Programu ilikuwa mali yao, na waliokuwa wakiitumia bure walikuwa wanatumia hisani. Hasira ilikuwa kubwa, na wengi wakahamia WordPress, programu ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Na WordPress yenyewe ilitoka wapi? Mfaransa Michel Valdrighi alikuwa ametengeneza programu iitwayo b2, kisha akaacha kuishughulikia. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza wakaichukua walipoikuta, wakaiendeleza, na tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Waliweza kufanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa kwa sababu b2 ilikuwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba naye awape wengine uhuru uleule. Mwenye programu akichoka, kazi haifi naye. Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa na WordPress, na mzizi wake ni kazi iliyoachwa njiani ikaokotwa.

Kwa hiyo unapoambiwa programu fulani ni ya bure, uliza swali la pili: bure kwa bei tu, au na leseni nayo ni huru? Bei inaweza kubadilishwa kesho asubuhi. Leseni ikishatolewa kwa toleo ulilonalo mkononi, hakuna wa kukunyang'anya.

Lakini nisikudanganye kwamba leseni huru humaliza kila kitu. Septemba 2024 Mullenweg aligombana na kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti iitwayo WP Engine, akaifungia isipate masasisho kutoka WordPress.org. Wateja wa kampuni ile, ambao hawakuwa upande wowote wa ugomvi, wakajikuta hawawezi kusasisha plagini zao, yaani programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo, kwa njia ya kawaida, hadi mahakama ya California ilipotoa zuio Desemba mwaka huohuo. Tovuti zao hazikuzimika, na hapo ndipo leseni ilipowasaidia. Hata hivyo lango lililokuwa na mlinzi mmoja lilionekana wazi, na tangu hapo nikifunga WordPress kwa mtu huwa nahifadhi kando nakala ya programu yenyewe pamoja na kila plagini aliyonayo.

Na kuna huduma zilizofungwa kabisa; orodha yake ni ndefu. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ilifungwa Oktoba 2009. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na ikazimwa tarehe 30 Aprili 2013. Google Reader, ambayo wasomaji wengi wa blogu waliitegemea, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Google+ ikafuata Aprili 2019. Zote zilikuwa za makampuni tajiri, kwa hiyo usiitazame ukubwa wa kampuni kama dhamana.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Umechagua programu, kabla hujaandika makala ya pili, ifanyie mtihani wa kuhama. Andika makala fupi tatu za majaribio: moja yenye maneno matupu, moja yenye picha mbili na vichwa vidogo, moja yenye video au jedwali. Kisha tafuta mahali pa kutoa nakala ya vyote, itoe, na uiingize kwenye programu nyingine. Tarehe zimebaki? Picha zimekuja? Vichwa vidogo vimeonekana kama vichwa, au vimegeuka maneno ya kawaida? Viungo vinafunguka? Kazi hii ni ya jioni moja na itakuambia mengi kuliko video zote za YouTube zinazolinganisha programu.

Kwenye WordPress jihadhari na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukibonyeza kitufe cha kuhamisha utapata faili la XML, nalo lina maneno, tarehe, maoni na majina ya waandishi. Picha hazimo. Kilichomo ni anwani tu za mahali zilipo. Ukiifunga seva ya zamani halafu ndipo uingize faili lile kwenye seva mpya, utapata makala zilizojaa mashimo. Picha zimo kwenye folda ya wp-content/uploads, na folda hiyo lazima uinakili mwenyewe, pamoja na hifadhidata nzima. Nakala isiyo na vitu hivi viwili usiihesabu kama nakala.

Jambo jingine la kutazama ni zile plagini za kujenga kurasa kwa kuburuta na kudondosha vitu. Zinavutia, na mtu asiye fundi anaona amekuwa fundi kwa siku moja. Shida huja ukiizima plagini hiyo. Baadhi huacha maandishi yako yamechanganyika na alama za mabano mraba zisizosomeka, nyingine mpangilio wote hutoweka. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 WordPress ina kihariri chake cha vipande, na mimi namshauri mwandishi wa kawaida abaki nacho. Kinatosha kwa makala, picha, majedwali na safu mbili, na kinachoandikwa humo hubaki HTML inayosomeka.

Usizisahau anwani za makala zako. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na hoja yake bado ina nguvu ileile. Mtu aliyeituma makala yako kwenye kundi la WhatsApp mwaka juzi, mwalimu aliyeinukuu kwenye notisi zake, wote wanategemea anwani ile. Chagua muundo mmoja wenye maneno yanayosomeka na ushikamane nao. Ukihama kutoka Blogger, ambayo huweka mwaka na mwezi kwenye anwani na kumalizia na .html, WordPress inaweza kupangwa ifuate muundo uleule, ili viungo vya zamani viendelee kufunguka. Wengi hawajui kwamba inawezekana, wanaanza upya, na wasomaji wao wanakutana na ukurasa usiokuwepo.

Lakini huwezi kuhama na anwani zako bila kuwa na jina lako mwenyewe la tovuti. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kulipia, nitalipia jina kabla ya seva. Ukiwa nalo unaweza kuwa Blogger leo, WordPress mwakani, na kurasa za HTML tupu miaka kumi ijayo, na msomaji wako asijue kama umehama. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hupatikana kupitia wasajili walioidhinishwa: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa mashirika yasiyo ya kibiashara, .sc.tz kwa shule, .me.tz kwa mtu binafsi. Hulipiwa kila mwaka, na mwaka utakaosahau ndio mwaka jina litakapokuponyoka.

Hapa naomba nizungumze na viongozi wa vyama vya ushirika, shule na makanisa ya Magoma, Mashewa na kote Korogwe na Handeni. Kijana anapowatengenezea tovuti, mara nyingi jina la tovuti analisajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu. Si kwamba ana nia mbaya. Ni kwa sababu hakuna aliyempa barua pepe ya ofisi. Baadaye anapata kazi Arusha, anabadilisha namba, na ujumbe wa kukumbusha malipo unaenda mahali ambapo hakuna anayesoma. Fungueni barua pepe ya chama kwanza. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama. Pasiwedi ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe kwenye bahasha, zikae kwa katibu pale inapokaa mihuri na vitabu vya mapato. Mtaalamu atakayewaambia karatasi si salama mwulizeni yeye ana mpango gani siku asipopatikana.

Sasa uzito wa kurasa, jambo linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu anayeadhibiwa ni msomaji. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kufika MB 4. Weka tano kwenye ripoti ya mkutano wa wakulima, umefika MB 20. Wakiifungua watu 200 bila picha hizo kupunguzwa, kijiji kimetumia GB 4 kusoma habari ambayo maneno yake yote hayazidi KB 10. Punguza kila picha ifike upana wa pikseli 1200 na itashuka hadi KB 150 au karibu na hapo. Ripoti ileile sasa haizidi MB 1, na watu wale 200 wanatumia MB 150 hivi. WordPress tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza yenyewe picha zinazozidi pikseli 2560, na hutengeneza saizi ndogo kwa ajili ya simu, lakini usiiachie kazi yote. Punguza kabla ya kupakia, maana hata bando lako wewe mwandishi lina thamani.

Baada ya picha, ondoa mapambo. Picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa, fonti tano za kupakuliwa kutoka Marekani, video inayoanza yenyewe, dirisha la kuomba barua pepe kabla mtu hajasoma hata sentensi moja: kila kimoja kinamla msomaji MB na subira. Wasomaji wengi wa huku hutumia Opera Mini kwa kuwa hubana data, na kurasa zinazotegemea JavaScript kwa kila kitu huvurugika humo. Pima ukurasa wako kwa simu ya mama yako, ukiwa umesimama mahali mtandao unaposhuka, njia ya kuelekea Mashewa ambako milima ya Usambara imekuzunguka pande mbili. Ukifunguka hapo utafunguka popote.

Na si kila anayetaka tovuti anahitaji WordPress. Chama cha ushirika kinachotaka kutangaza bei za madaraja ya singa za mkonge, ratiba ya kuvuna na namba ya ofisi kinaweza kuwa na ukurasa mmoja wa HTML wenye KB 10, bila hifadhidata, bila plagini, bila kitu cha kudukuliwa. Ukurasa wa HTML ulioandikwa mwaka 1995 bado unafunguka leo kwenye simu yako. Hayo yaliwezekana kwa sababu kituo cha utafiti cha CERN, tarehe 30 Aprili 1993, kiliiachia teknolojia ya wavuti iwe mali ya watu wote. Mwenye makala nyingi anayependa njia hii atumie programu kama Jekyll au Hugo: unaandika maandishi ya kawaida kwenye kompyuta yako, programu inatengeneza kurasa, unazipakia. Inahitaji ujifunze kidogo, lakini maandishi yako yanakaa kwako tangu siku ya kwanza, na siku ya kuhama unabeba folda tu.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Usifunge thimu (sura ya tovuti) au plagini ya kulipia uliyopewa bure na mtu wa mtandaoni. Nyingi zina msimbo wa siri unaomfungulia mdukuzi mlango. Plagini ziwe chache, kila moja ujue kwa nini ipo. Ruhusu masasisho ya kiotomatiki. Usitumie jina la admin na pasiwedi ya mwaka uliozaliwa.

Andika kwa Kiswahili mpaka kwenye vitufe. Kuna watu waliofanya kazi ya kutafuta maneno: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na wapo wanaojitolea kutafsiri WordPress hadi sasa. Kwenye mipangilio chagua lugha ya Kiswahili, ili brauza isidhani ukurasa wako ni wa lugha nyingine na kuanza kuutafsiri ovyo, na ili programu zinazowasomea wasioona zijue zinasoma nini. Weka saa za Dar es Salaam. Na unapotangaza mkutano, muda uandike mwenyewe kwa maneno: saa tatu asubuhi. Ukiiachia programu iandike 9:00, yuko mzee atakayefika alasiri.

Najua mtasema: Magoma watu wako WhatsApp, nani atafungua tovuti? Ni kweli wako WhatsApp, na makala yako lazima iwafuate huko. Lakini kundi la WhatsApp halihifadhi. Bei iliyotangazwa Machi imezikwa chini ya salamu na pole za misiba, na simu yako ikiibiwa bila kuwa na nakala, kumbukumbu zako zimekwenda nayo. Chapisha kwenye tovuti, kisha tuma kundini sentensi mbili zenye kiini cha habari pamoja na kiungo. Hakikisha kila makala ina picha kuu na maelezo mafupi, ndivyo vinavyoonekana kiungo kinapotumwa. Na zile sentensi mbili zitosheleze, kwa ajili ya yule aliyeishiwa bando.

Sheria nayo ina siku yake ya kukuhamisha. Machi 2018 zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, na gharama zake zilizidi shilingi milioni mbili ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni lililoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi mwaka 2006, lilisimama kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikanyamaza. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa tena mwaka 2022, na ada zikashushwa. Kwa hiyo usitegemee alichokuambia rafiki yako aliyefunga blogu mwaka 2018. Ikiwa utaandika habari na matukio ya siku, uliza TCRA kwa maandishi leseni ipi inakuhusu, na jibu lao ulihifadhi. Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kabla hujaandika jina la mtu na tuhuma kwenye sentensi moja.

Ipo sheria nyingine inayovigusa vyama vya ushirika moja kwa moja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu, kilo walizopeleka na pesa walizolipwa isiwekwe mtandaoni hata kwa nia njema ya uwazi. Tapeli wa ujumbe wa kutuma pesa hataki zaidi ya hapo: anajua jina, anajua namba, anajua nani kalipwa wiki hii. Tangazeni jumla ya tani na bei ya kila daraja. Hesabu ya mtu mmoja mmoja ibaki ofisini na kwenye kitabu chake.

Jizoeze pia kuandika nje ya mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na rasimu zake ndani ya dirisha la brauza hakuwa na la kufanya. Aliyekuwa nazo kwenye faili la kawaida katika kompyuta au simu aliendelea kuandika.

Wiki hii, kabla hujabadilisha thimu au kununua plagini, fanya hivi. Pakua nakala kamili ya blogu yako: maneno, picha, hifadhidata. Iweke kwenye flashi, na nyingine mpe mtu unayemwamini asiyeishi nyumba moja na wewe. Kisha mwombe mtu huyo afungue faili hizo kwenye kompyuta yake bila msaada wako, akutafutie makala yako ya kwanza kabisa, aisome. Akishindwa kuipata, muulize amekwama wapi, na uanze kurekebisha hapohapo.